Njoo Kesho

Miaka kumi na mmoja neno langu lilikuwa kesho.
Nililitoa bure, kama vifungo vya ziada.
"Fundi Kondo, gauni?" Kesho.
"Fundi Kondo, ni harusi." Basi kesho asubuhi,
bado pindo tu, na pindo si kazi,
na kitambaa chenyewe kiko chini ya meza,
hakijaonja mkasi.

Stumai alikuja mara nne.
Mara ya tano hakuuliza kitu.
Aliokota kitenge chake kwenye vumbi la chaki,
akakikung'uta, akajifunga hivyo hivyo, yadi zote sita,
akaenda Yombo kumuaga binti yake
mbele ya wakwe, amejiviringisha kama mzigo.
Hakunitukana.
Afadhali angenitukana.

Usiku ule nilinunua kaunta buku la kwaya mbili,
jalada jeusi, mgongo mwekundu.
Nikaandika mistari ishirini na mitatu,
mambo yote nitakayokuwa.
Asubuhi sikufanya hata moja.
Jua lilinikuta mdomo wazi.

Nikachana ukurasa. Nikaandika mstari mmoja:
*Saa moja, kata kitambaa kimoja.*

Maana saa zetu hazina hila:
jua likitoka tunahesabu moja,
kana kwamba jana haikuwahi kuhesabiwa.
Treni ya Pugu ikipita nyuma ya Malapa
na kutikisa sindano ndani ya kopo,
mkasi uwe mkononi.
Si baada ya chai.
Si baada ya kusoma nani kaandika nini usiku.
Simu nimeizika kwenye ndoo ya mchele.
Mwantumu akipika mapema huja nayo, ina punje,
ananitazama, simtazami,
anairudisha mwenyewe.

Siku ya nne mkono ulikwenda bila kutumwa.
Siku ya tisa mvua iliingia mpaka kwenye pedali,
nikasema leo kupumzika ni haki yangu.
Haki hiyo niliila siku tatu.
Ya kumi na tatu nililionea buku aibu,
nikapita mbali nalo, kama mdaiwa na duka la Mpemba.
Nikalifungua. Halikusema kitu.
Mstari mtupu ni mstari mtupu, hauna kinyongo.
Nikakata kaptula ya mtoto wa shule.

Umeme ukikatika, natia vifungo kwa mkono.
Cherehani ya miguu, ya marehemu baba,
inadai mafuta kila Jumamosi, naipa.
Ukutani kuna misumari saba,
na nguo hailali kwenye msumari wa mwenzake.
Msumari ukijaa, nasema: hapana.
Neno hilo linakwaruza koo kuliko kesho,
lakini mtu anaondoka nalo
akijua aende wapi.

Sikugeuka mtu mwingine.
Uvivu bado unakaa pale kwenye benchi,
unaniita kwa jina la utotoni.
Nimeupangia zamu tu: baada ya magharibi.

Jumatano alikuja Mwalimu Perpetua, siku niliyomtajia.
Nikashusha gauni msumari wa tano,
limepigwa pasi, nyuzi zimepunguzwa.
Akaligeuza nje ndani, akapekua mshono kwa mshono
akitafuta nilipokosea.
Halafu akacheka, kiganja mdomoni:
"Fundi, mimi sikuja na hela.
Nilijua utasema kesho."

Nikachomoa kalamu sikioni, nikaandika:
*Limekwisha. Hajalipa.*
Nikalirudisha gauni msumarini.
"Haya, Mwalimu," nikasema,
"njoo kesho."