Kifusi

Jumamosi ya kwanza tulikuja kumi na tisa
na reki sita.
Mwalimu Kerubo alisema kinamasi ni sifongo la mji.
Ochola wa kidato cha pili akauliza,
sifongo gani lenye nepi na betri za redio?
Tukacheka, tukainama,
kicheko kikaishia kwenye glavu.

Nilidhani matope ni kitu kimoja.
Sivyo. Kuna tope jeusi linalonuka kama yai viza:
hilo li hai, linapumua.
Na kuna tope la kijivu, la saruji,
ambalo halinuki chochote.

Bi Hodhan anauza maziwa ya ngamia kando ya lami ya Njiru.
Alituletea chai ndani ya birika la bati
akatuonyesha kwa kidevu: kule penye gereji
palikuwa maji. Mwaka ule wa mvua kubwa
yangeyange walisimama pale kama nguo
ambazo mwenyewe alisahau kuzianua.
Kisha malori yakaja. Usiku. Matatu, manne.
Hakusema ya nani.

Jumamosi ya pili jembe langu liligonga kitu.
Nikakitoa, nikakisugua kwa kiganja:
kigae cha buluu, ua jeupe pembeni.
Nyumbani tuna sita kama hicho, juu ya sinki.
Baba alivileta jioni moja vimefungwa gazetini,
akasema vilibaki kwenye jumba lililobomolewa Pangani.
Mama alifurahi. Mimi huvihesabu nikipiga mswaki.
Karo yangu ya kidato cha kwanza ilikuwa tripu arobaini.
Hakuna aliyeniambia.
Ni hesabu tu.

Nilikitia mfukoni. Usiku nikakiweka mezani
kando ya kikopo cha chumvi.
Baba alimaliza ugali wake.
Akakiinua, akaona ua,
akakilaza kifudifudi.
"Mnachimba upande gani?"
"Wa gereji."
"Hapo hamtafika popote. Hapo nilimwa—"
Akanywa maji.
"Hapo kuna zege."

Jumamosi ya tatu hakuja.
Tulipanda matete mia mbili kutoka kitalu cha kina mama wa Mwiki,
na mvua ikagoma.
Wiki nzima, baada ya masomo, Wanza na mimi
tulibeba mitungi ya lita ishirini
kwenda kukinywesha kinamasi maji.
Watu wa gereji walizima mashine ya kuchomelea
ili watucheke vizuri.
Siku ya tano mmoja wao akatupa toroli.

Jumamosi ya nne tulimkuta ametangulia.
Mtaimbo begani, koti la kazi,
na vijana wake wawili wa kupakia,
Kimeu na yule wanayemwita Spana.
Hakumsalimu mtu. Alitembea
akihesabu hatua kutoka nguzo ya stima,
kumi na moja, kumi na mbili, akasimama.
"Hapa ni laini, anzeni hapa.
Pale msiguse. Pale niachieni."
Mwalimu Kerubo akaniangalia.
Mimi nikaiangalia reki.

Saa saba zege likapasuka.
Sisemi palitokea muujiza.
Maji yalipanda taratibu, rangi ya chai ya shule,
mdudu mmoja mwenye miguu kama nyuzi
akateleza juu yake
kana kwamba alikuwa kwenye foleni miaka yote hiyo
na sasa jina lake limeitwa.
Ochola alipiga makofi peke yake,
akaacha.

Baba alibaki shimoni.
Maji yalimfika vifundoni, yakapita.
"Toka, baba."
"Ngoja."
"Utaugua."
"Nimesema ngoja."
Akainama, akapapasa chini, akatoa kipande kingine cha buluu,
akakirusha kwenye rundo bila kukitazama
na kuingiza tena mkono.

Gambuti lake la kushoto limetoboka.
Leo asubuhi nimelikuta mlangoni
likikauka juu ya gazeti.
Nimechungulia ndani:
tope jeusi.
Linanuka.