Kupakua

Mama alikuwa akipakua kwa mwiko,
mgeni kwanza, kisha mkubwa, kisha sisi,
na aliyechelewa akakuta ukoko.
Leo neno hilo hilo nalisoma kwenye kioo cha simu,
saa sita na dakika mbili usiku, Arua, upande wa Mvara.
Bando la usiku limefunguka kama lango la soko
nami nimekinga bakuli langu: giga thelathini na mbili
ambazo tayari zimejaa.

Saa kumi na mbili asubuhi gari la wizara linanichukua kwenda Karenga.
"Maabara ipo," walisema. "Darubini ipo. Sola ipo."
Kuhusu mtandao walikohoa.

Nyimbo ziko winguni. Elfu mbili mia tatu kumi na nne.
Kaka Onzima alizipandisha moja moja
kutoka kanda za baba, zile zilizoliwa na vumbi,
akizungusha utepe kwa kalamu, akipuliza, akitukana,
akiziandika majina kwa namna yake:
Harusi ya Candiru, mvua inanyesha.
Harusi, sijui ya nani.
Redioni, mtu analia vizuri.
Sasa Onzima analinda duka la dhahabu Sharjah
na kila Jumapili ananiuliza, "Umezishusha?"
kana kwamba ni mihogo iliyoanikwa juu ya paa.

Futa upate nafasi, simu inaniambia.
Haya. Nafuta picha za kamati ya harusi ya Drani,
mia sita, watu wale wale, soda zile zile.
Nafuta mahubiri aliyonitumia shangazi
(Mungu atanielewa, shangazi hapana).
Nafuta video ya Edema akinifundisha pikipiki,
naitazama kwanza,
naifuta,
naenda kuitafuta kwenye pipa la taka,
naifuta tena.

A inaingia. B. H haina mwisho,
maana kwa Onzima kila kitu ni harusi.
Saa nane, mstari wa kijani unatambaa kama jongoo aliyeshiba.
Jirani anakoroma. Mbwa anabweka mara moja, anaghairi.
K. L. M, yenye misiba yote.
Saa kumi na robo nasinzia nikiwa kwenye S,
na umeme wa Arua, ambao haujawahi kumuaga mtu,
unaondoka.
Na betri yangu ni mzee: bila waya hapumui.

Kwa hiyo nimeishi Karenga mwaka mzima
na nyimbo za A hadi S.
Asubuhi napanga vioo vya damu, natafuta malaria kwa jicho moja,
sikio moja liko kwa baba.
Lokiru, mlinzi wa usiku, anazijua zote sasa.
Kilugbara hakijui; anaziita kwa alama zake:
ile ya mluzi, ile ya mtu kukohoa,
ile ambayo mbuzi anaingia katikati.
Juzi akaniuliza, baada ya S kuna nini?

Nikamwambia: T, ambayo siikumbuki.
U na V, kelele za kwaya.
Halafu ipo moja, Onzima aliiandika Yule ni mama.
Adungu imekwisha, baba amesahau kuzima mashine,
unasikia mwiko ukigonga ukingo wa chungu
na sauti inauliza, nani bado hajala?

Lokiru hakusema kitu. Alizima tochi, akaiwasha.

Nyuma ya zahanati kuna mwamba.
Ukisimama pembeni kabisa, simu hupata kistari kimoja.
Nimeupanda mara nne.
Asilimia mbili. Asilimia mbili. Asilimia mbili.
Leo Lokiru amepanda nami,
amebeba fimbo na kile kigoda chake, ameketi.
Mtama wake unaomba maji tangu Mei.
Kutoka upande wa Kidepo wingu limeinuka,
moja tu, jeusi, zito.
Analiangalia, anaiangalia simu yangu.
"Hilo," anauliza, "ni lako au langu?"