Mlango wa Sehemu ya Sita

Jumanne usiku, Turku, barafu imeukaba mto,
na Tauno amevua soksi moja tu
maana kipindi kimeanza kabla hajaifikia ya pili.
Chombo cha anga, safari ya miaka mia,
watu kumi na wawili, na kahawa
imetulia tuli kikombeni
ingawa nahodha ametuambia
nguvu ya mvutano imekatika tangu juzi.
"Irmeli, umeiona hiyo kahawa?"
Nimeiona. Nimemwambia anywe yake.

Dakika ya tisa: imebaki hewa ya saa tatu.
Dakika ya ishirini: wamelala, wameamka,
wamenyoa ndevu.
Mume wangu anahesabu kwa vidole
kama muuza samaki asiyemwamini mteja.
Kisha mlango usiofunguka
ila kwa kiganja cha daktari
unafunguka. Na daktari
tulimzika sehemu ya nne, nikalia machozi ya kweli.

Haya yote mimi nayasamehe.
Hadithi ni fulana ya kazi,
tundu la kwapani halimzuii mtu kuivaa.
Hata mimi nikiisimulia safari yetu ya Tallinn
naruka siku nzima ya mvua na ugomvi.

Lakini kuna fundi wa mabomba, binti mdogo,
jina lake limetajwa mara moja: Veska.
Ameshikilia bomba linalovuja
ili wenzake wapite.
Wamepita.
Mlango umejifunga.
Nahodha anasema, "Twende,"
muziki unapanda, nyota zinakimbia,
majina ya waandishi yanateremka kiooni
na hakuna hata mmoja aliyegeuza shingo.

Tauno amesimama, soksi moja mguuni.
"Yule binti yuko wapi?"
Labda wiki ijayo, nasema.
"Wiki ijayo hewa itakuwa imekwisha."

Hapo nikajua ni mlango gani anaoutazama.
Mwaka wa sabini na nne, kiwandani kwa meli,
alikuwa ndani ya tangi, tumboni mwa meli ya kuvunja barafu,
akichomelea mshono wa mwisho.
Zamu ikaisha. Mtu akashusha kifuniko,
akakaza bolti kumi na sita
bila kuchungulia.
Saa nne gizani akigonga kwa nyundo:
tatu, kimya, tatu,
mpaka mfagiaji mmoja, Urho,
akarudi kuchukua kofia aliyoisahau
akasikia chuma kinakohoa.
Kofia!
Ningekuwa mwandishi ningeona haya kuiandika.

Usipoziba ufa utajenga ukuta,
lakini kule hakuna ukuta wa kujenga,
kuna giza tu, na binti, na bomba.
Kwa nini hawakukaa naye?
Dakika arobaini zote zingekuwa zake:
mvuke wa pumzi yake juu ya chuma,
mkono unaokufa ganzi, ule mwingine unaoupokea,
wimbo wa shule anaoukumbuka nusu,
hasira, ndiyo, hasira kwa nahodha
mwenye kidevu kilichonyolewa vizuri.
Hazina yote walikuwa nayo mkononi
wakaifungia nje,
wakaenda kutuonyesha nyota
ambazo sisi tunaziona bure, kwenye baraza letu.

Saa nane usiku nikaamka, kitanda kibaridi upande wake.
Alikuwa jikoni, kijiko cha chai mkononi,
anagonga bomba la kupashia joto:
tatu, kimya, tatu.
Nikasimama mlangoni, sikusema kitu.
Tatu. Kimya.
Ndipo jirani wa chini, Bi Kyllikki,
mwenye hasira za miaka tisini na usingizi mwepesi,
akajibu kwa mpini wa ufagio, dari nzima ikatetemeka.

Tauno alicheka mpaka akakaa chini.
Halafu akainama, akavua soksi ya pili.