Kitako Kwanza

Asubuhi siamki, naahidiana na damu.
Kwanza vidole vya miguu: navikunja, navikunjua.
Kisha kiwiko. Kisha kitako, ukingoni mwa kitanda,
nahesabu hadi sitini kwa Kikonzo,
nikikosea naanza upya.
Bilauri ya maji imenikesha usiku kucha,
nainywa yote kwa pumzi moja, kama anayelipa deni.
Ndipo nasimama.
Siku nyingine sakafu inakubali.

Miaka sita haikuwa na jina.
Mara ya kwanza ilikuwa gwaride la shule, Katwe,
wimbo wa taifa, ubeti wa pili:
masikio yakajaa nyuki,
bendera ikawa kijivu, mwalimu akawa kijivu,
nikazinduka na changarawe mdomoni
na viatu vya watu vimenizunguka.

Wakasema kifafa. Kikombe changu kikawekwa peke yake.
Wakasema mimba, nami nina miaka kumi na minne.
Mchungaji Bwambale akaniombea nimesimama,
saa nzima nimesimama,
na nilipoanguka wakashangilia: limetoka!
Halikutoka. Lilishuka tu,
chini kwenye vifundo, huko damu yangu inakopenda kutuama
kama maji ya bwawa mwezi wa kiangazi.

Muuguzi Kabahenda, kule Kasese,
hakuuliza nimekosana na nani.
Alinilaza, akanifunga mkanda mkononi, akasoma:
mia na kumi na mbili.
“Simama.” Akasoma tena. Akakunja uso.
Sabini na nane.
“Kaa. Kaa, mama, kaa chini!”
Nikiwa pale chini, miguu juu ya kiti chake,
nilimsikia akiandika, na mkwaruzo wa kalamu ile
ndio sauti ya kwanza iliyoniamini.

“Maji, lita tatu,” akasema. “Kidonge hiki asubuhi.
Soksi za kubana mpaka mapajani, jua liwe, mvua iwe.
Kwenye foleni pishanisha miguu, ubane mapaja.
Ukisikia nyuki, lala popote, hata matopeni.
Na chumvi, Mbambu. Chumvi usiionee haya.”

Chumvi!
Nilicheka nusura nizimie tena.
Mama yangu Ithungu aliingia ziwani miaka ishirini na miwili,
maji makali kiunoni, akivunja ukoko kwa mti.
Ziwa likamla kucha, likamla ngozi ya miguu,
likanilipia ada.
Mlango wetu wa bati umeliwa na chumvi,
ukuta umepauka kwa chumvi,
na dawa yangu, siku zote hizo,
ilikuwa ikikauka kwenye upindo wa gauni lake.

Ila naye ana presha. Yake inapanda.
Daktari amemkataza hata ya ncha ya ulimi.
Basi jioni tunakaa, obundu na samaki,
mkebe mmoja katikati yetu:
yeye amekatazwa, mimi nimeamriwa.
Anautazama mkebe
kama mtu aliyekutana sokoni na mume wa zamani.
Kisha anausukuma kwangu kwa kidole kimoja,
kile kisicho na kucha.
“Kula,” anasema. “Kula na yangu.”

Nisidanganye. Jumanne nilianguka tena,
kwenye mizani ya magunia, ninapofanya ukarani,
soksi zikinichoma kama makaa.
Wanunuzi kutoka ng'ambo ya Mpondwe walipiga yowe,
mmoja akatafuta ndoo ya kunimwagia.
Baluku mpakiaji akamzuia.
Hakuniinua kichwa. Aliinua miguu yangu,
akaiegemeza juu ya gunia tulilokuwa tukipima,
akaupisha upepo,
akasimama pale akinikinga jua kwa mgongo wake.

Nilipofumbua macho
hakuniuliza kama nimekufa.
“Kilo tisini na nne,” akasema.
“Ukishakaa kitako, uandike.”