Palipobonyea

Imerudi leo mezani kwangu, bila mwenyewe.
Mjukuu wake Vernelle ameileta ndani ya blanketi
kama mtu anayepeleka kichanga kliniki.
"Mzee Hrabovsky, ing'arishe. Nyoosha na hapo palipobonyea.
Makumbusho ya jiji wanaitaka Ijumaa."

Nikafungua blanketi.
Harufu ile ile: karafuu, moshi, mate ya miaka hamsini.
Alitafuna karafuu kabla ya kupanda jukwaani,
watu wakadhani ni dawa ya kuita muziki.
"Jino tu linaniuma," aliniambia.

Saksafoni ya Ozell Pettiway.
Miaka thelathini na mmoja nimeifungua na kuifunga,
naijua kama daktari ajuavyo kifua cha mgonjwa mkaidi:
springi niliyoibadilisha mara tisa,
kitufe cha kidole kidogo kinachonata kila masika,
alichokuwa akikikausha kwa noti ya dola moja,
akicheka: "Hela yangu pekee inayofanya kazi."

Na hapa, ubavuni mwa kinywa cha shaba,
bonyeo, pana kama kiganja cha mtoto.

Siku magreda yalipofika mtaa wa Mlimani,
hapa hapa Pittsburgh,
kubomoa kinyozi, kanisa, duka la samaki, baa ya Bi Odessa,
ili wenye magari wapate pa kuegesha,
Ozell aliingia kwa dirishani kuifuata.
Ukuta ulimwahi.

Baba yangu, fundi kabla yangu, alishika nyundo ya mbao ainyooshe.
Ozell akasema ngoja. Akaipuliza.
Noti moja, ya chini kabisa.
Baba akaiweka nyundo chini
wala hakuigusa tena siku ile.
Ilikuwa sauti ya mtu aliyeitwa jina lake
na nyumba ambayo haipo.

Mcheza kwao hutunzwa, husema watu.
Ozell alicheza kwao, akatunzwa Kopenhageni.
Huko walisimama kumpigia makofi, wakamwandikia vitabu.
Hapa mchana alipaka rangi mabehewa ya treni,
na usiku alipuliza na rangi ikiwa bado kuchani,
nyekundu ya reli, kwenye vitufe, mpaka leo ipo.
Siifuti.

Nisiseme alikuwa malaika. Alikopa, hakulipa.
Alichelewa hata maziko ya mama yake.
Lakini alipofika, kaburini, kwenye theluji,
alipiga nusu tu ya utenzi wa kanisa, akanyamaza,
akatuachia nusu ya pili tuibebe nyumbani.
Mimi yangu bado ninayo.

Usiku huu nimezima taa za karakana,
nimeingiza kitaa chembamba tumboni mwake.
Ndivyo tunavyotafuta mvujo:
panapotokeza mwanga, hapo pumzi hupotea.
Mwanga umetokeza kila mahali.
Kila pedi, kila ukingo, mbavu nzima zinawaka
kama nyumba yenye wageni.
Kitabu cha ufundi kingesema: hii hailii.
Basi ukumbi alikuwa akiujaza na nini?
Nimekaa gizani nikitazama
pale zilipokuwa zikitoka zile pumzi za ziada,
zile zilizotudondokea sisi tuliokaa viti vya mbele
tukadhani ni joto la watu.

Ijumaa Vernelle amekuja na bintiye,
Zenobia, miaka kumi na miwili, meno yamefungwa waya.
Nimebadilisha pedi. Bonyeo nimeliacha.
Nikasema, "Kabati la kioo halina mapafu,"
nikampa mtoto kabla mama yake hajajibu.

Akavuta pumzi, akapuliza.
Haikulia.
Ilipumua tu, kwa muda mrefu,
na karakana yote ikanuka karafuu.

Vernelle akakaa juu ya sanduku la vipuri.
Akauliza bei.
Nikamwambia asubiri kwanza, mtoto anajaribu tena.