Resho ya Mama Nsimire

Aliitua mezani kwangu, hapa Nyawera,
resho ya udongo, waya umejikunja kama utumbo wa kuku.
"Uliniuzia waya mfu. Maharage siku mbili, bado mawe."

Sikubishana. Nilichomeka.
Volti mia mbili ishirini, ampea nne.
Gawanya: omu hamsini na tano.
Zidisha: wati mia nane themanini,
na waya ukaiva mwekundu mbele ya macho yake.
"Kwako inawaka," akasema. "Njoo kwangu."

Jioni nikapanda Kadutu, kipimo mfukoni,
matope mpaka kwenye vifundo.
Kilima kizima kilikuwa kinapika.
Sindano ikasita, ikalala: mia moja na kumi.
Ampea mbili tu.
Gawanya tena: hamsini na tano, ileile.
Waya hauna kosa, mama. Ukinzani ni uleule,
ila msukumo umefika umechoka.

"Nusu, basi. Mbona moto si nusu?"

Nikatafuta kalamu. Yeye akanitangulia:
"Ngoja. Bei ya unga ikishuka nusu,
na wanunuzi nao wakapungua nusu,
jioni nafunga robo kitamboni."

Mbili mara mia na kumi.
Mia mbili ishirini. Robo ya mia nane themanini.

Miaka sita ninafunga nyaya za watu,
sijawahi kulisema hivyo.

Akawasha makala, akahamisha sufuria,
akanipa punje moja nionje.
Ilikataa jino.