Robo ya Bati

Gari lilikuwa la mikate. Miaka kumi na tisa
lilikwenda Avilés na kurudi kabla ya alfajiri,
na tulipong'oa mbao za ndani tulikuta unga,
unga mkavu wa kijivu katika mikunjo ya bati,
na ufunguo mmoja usiofungua chochote.

Celso akasema: kabla ya kitanda, kabla ya jiko,
kabla hujaniuliza tena habari za mapazia,
tulinyamazishe kwanza.
Akagonga ubavu kwa kifundo cha kidole.
Ngaaa, likajibu, likaendelea kujibu
hata baada ya mkono kuondoka.
Debe tupu, nikasema. Hakucheka.
Miaka thelathini na moja alipiga nyundo
ndani ya matumbo ya meli, kule Gijón.
Bati kwake si jambo la mzaha.

Vipande vikaja katika boksi lililotuvunja migongo:
upande huu alumini, upande huu lami nyeusi
inayonata, yenye harufu ya barabara iliyomwagwa jana.
Nilidhani tutalivisha gari zima.
Robo tu, akasema. Robo inatosha.
Weka katikati, pale linapotetemeka;
ukiushika moyo wa bati, kingo zitatulia zenyewe.

Basi nikafuta kwa spiriti hadi kitambaa kikatoka cheupe.
Yeye akapasha joto, akabandika,
nami nikapita na kigurudumu cha mpini,
nikikandamiza hadi vishimo vyote vilale,
maana hewa ikibaki chini, akasema,
umebandika picha.
Alumini ikanikata vidole mara nne.
(Mara ya tano sikumwambia.)
Tulikuwa kwenye banda la Herminio, binamu yake,
mvua ya Novemba ikinyunya, isiyonyesha wala kukoma,
na ng'ombe wake wa maziwa wakitutazama
kama watu waliokuja kudai.

Kila tulipomaliza ubavu, Celso aligonga tena.
Du.
Akasubiri. Hakuna kilichofuata.
Du, tena, kwa raha tu.
Nikamwona akitabasamu peke yake
kwenye tao la gurudumu, miguu nje, kichwa ndani.

Jumapili tukalitoa.
Kilomita tisini kwa saa, na nikaanza kusikia mapya:
kijiko kimoja ndani ya droo,
mkanda wa kiti ukigonga plastiki,
pua ya mume wangu inavyopiga mluzi akikata kona.
Ukiua kelele kubwa, ndogo zinarithi nyumba.
Nikasema, kwa sauti ya mezani, bila kupaza,
"Kushoto, pale baada ya kituo cha mafuta."
Akageuka kushoto.
Mwaka wa ngapi huu, bila yeye kuniuliza "Ee?"

Akaegesha juu ya majabali, akazima injini.
Tukakaa.
Kisha nikaona shingo yake imekaza.
"Bado linalia," akasema.
Nikagonga dari. Du. Mlango wa nyuma. Du.
"Si hilo. Jembamba. Kama birika la jirani."
Nikasikiliza kwa mwili wote.
Bahari chini, mbali. Birika hakuna.

Alielewa kabla yangu.
Mkono ukapanda wenyewe hadi sikio la kushoto,
lile la upande wa nyundo.
Kimya kingi kina mshindo mkuu, wasemao husema,
wala sikuwahi kujua kwamba kuna mtu
huubeba mshindo huo hadi kitandani, kila usiku,
akidhani ni friji, akidhani ni waya za umeme,
akidhani ni gari.

"Vimebaki vipande vinne," akasema.
Alijaribu kuifanya mzaha.
Sikujibu. Nikaondoa mkono wake, nikaweka wangu,
kiganja chenye plasta tano,
katikati, pale panapotetemeka.

"Inapungua?"

"Hapana," akasema.
"Lakini usiutoe."